Watu wa Folda ya Saba

JUMATANO, SAA 9:10 ALASIRI

Chumba cha nyuma kilinuka mpira, grisi na soksi zilizokaukia miguuni. Mbele, dukani, matairi ya majira ya baridi yalipangwa mpaka dari. Nyuma palikuwa na meza ya plastiki, birika la kahawa lisilooshwa tangu Krismasi, na Kauko Repo.

Kauko alikuwa na miaka sitini. Nywele nyeupe, kucha safi, sauti ya mchungaji wa kanisa. Miaka thelathini alikuwa akituma watu kuiba pale Mikkeli na vitongoji vyake, na hajawahi kulala lupango hata usiku mmoja. Waliolala huko ni wale aliowatuma.

Mmoja wao alikuwa Jalle. Kilo mia na ishirini, kifungo mara tatu. Alinyonya vijifuko vya ugoro chini ya mdomo wa juu, na kila kimoja kikiisha ladha alikitema ndani ya kikombe. Kikombe kilikuwa kimejaa nusu, kahawia, kinang'aa. Raakel alijitahidi asikitazame. Akakitazama.

Raakel Tiainen ndiye aliyekuwa wa tatu. Miaka hamsini na minne. Miaka ishirini alitunza kompyuta za kiwanda cha karatasi cha Varkaus, hadi siku alipokutwa anasoma folda za wakubwa. Hakuiba kitu. Alifungua tu, akasoma. Tabia hiyo ilimfukuzisha kazi, ikampa kifungo cha nje, na hakuna mwajiri aliyemtaka tena. Kauko akamtaka. Hii ilikuwa kazi yao ya nne.

"Kesho Alhamisi," Kauko akasema. "Alhamisi watu wanakula nini?"

"Supu ya njegere," Jalle akajibu. "Na chapati ya maziwa."

"Kampuni ya ving'ora mnayoingia ina watu sita. Saa tano kamili wanavuka barabara kwenda kantini, kwa sababu chapati zikiisha zimeisha. Nyie ni wakaguzi wa mitungi ya kuzimia moto. Mnaingia kabla ya saa tano. Wao wanatoka, nyie mnabaki. Mna nusu saa."

"Na mashine yenyewe?" Raakel akauliza.

"Ya zamani. Haina picha wala kipanya. Kioo cheusi na maandishi."

"Hizo ndizo zangu."

"Zikoje hizo?" Jalle akauliza.

"Folda ndani ya folda, kama sufuria zilizopangwa. Unaandika c na d, halafu jina, unazama ndani. Unaandika l na s, inakuonyesha kilichomo. Ukiandika c na d na nukta mbili, unapanda kwenye sufuria iliyoibeba hiyo."

"Nukta tu?"

"Nukta mbili tu."

Jalle akacheka. "Kazi ya wavivu, mama."

Kauko akasukuma karatasi. Juu neno la siri. Chini yake njia: jina la folda, kistari cha mshazari kiitwacho mkwaju, jina la folda, mkwaju, mpaka namba saba. Chini kabisa jina moja la ukoo limepigwa mstari: Hakulinen.

"Folda ya saba ina faili arobaini na moja. Nakili zote kwenye flashi. Hakikisha hilo la mstari limo."

"Ni za nini?"

"Nyumba za mapumziko kando ya ziwa. Za matajiri wa Helsinki. Anwani, na namba za kuzimia ving'ora. Hazina mtu mpaka Juni." Akamtazama. "Usifungue. Usisome. Najua tabia yako."

Nyumba tupu, Raakel akajiambia. Televisheni na boti. Bima italipa. Akanywa kahawa. Ilikuwa na utando juu.

ALHAMISI, SAA 4:48 ASUBUHI

Baridi ya nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Kauko alibaki kwenye gari kona ya pili. Simu za wenzake alizikusanya akazifungia kwenye kopo la biskuti. Raakel na Jalle wakapiga kengele, makoti mekundu, beji shingoni.

Aliyefungua ni msichana wa mapokezi. Kibandiko cha jina kwenye sweta kilisema Meri. Alivaa soksi za sufu ofisini, nene, zenye mistari.

"Jamani, leo? Hatukuambiwa."

"Hamwambiwi kamwe," Jalle akasema kwa upole. "Ndiyo ukaguzi huo."

Meri akacheka. Akawafungulia ghala. Akawafungulia jiko. Akawafungulia chumba cha mashine, kwa sababu humo namo mlikuwa na mtungi. Saa tano kasoro dakika mbili wenzake walianza kuvaa makoti. Meri akasita mlangoni, ufunguo mkononi.

"Mtakuwa sawa peke yenu?"

"Nenda kale, binti," Jalle akasema. "Zitaisha."

Akaenda.

SAA 5:03

Chumba kilikuwa na ukubwa wa kabati. Feni zinavuma. Raakel akavuta kiti, akaandika neno la siri. Likakubali. Kioo cheusi, alama moja inayometameta, inangoja.

Jalle akasimama nyuma yake. Akahema shingoni kwake. Pumzi ya ugoro, kitunguu, jino bovu.

"Rudi nyuma kidogo."

"Kauko kasema nikae karibu."

Akaandika c na d na jina la kwanza kwenye karatasi. Mashine ikakataa: hakuna kitu kama hicho.

"Nini?"

"Kaandika kwa herufi ndogo. Hii inataka kubwa."

"Herufi ni herufi."

"Kwako."

Akasahihisha. Akazama. Akazama tena. Aliandika haraka, majina mafupi, bila kuanzia juu kabisa kwenye shina, akafika kwenye namba saba. Akaomba orodha. Faili tatu tu, za miaka tisa iliyopita.

"Arobaini na moja ziko wapi?" Sauti ya Jalle ilishuka. "Unanichezea?"

"Tulia."

Aliandika herufi tatu, p na w na d. Niko wapi? Mashine ikamjibu kwa mstari mmoja, njia nzima tangu shina. Akaona kosa. Kulikuwa na folda mbili za jina moja, na yeye alikuwa ndani ya ile ya kumbukumbu za zamani. Saba ya wafu.

Nukta mbili. Nukta mbili. Nukta mbili. Alipanda mpaka juu, kisha akaandika njia yote kwa ukamilifu, mkwaju kwa mkwaju, na kugonga kitufe cha kukubali.

SAA 5:11

Orodha ilishuka kioo kizima. Arobaini na moja.

Kila faili ilikuwa jina la ukoo. Baada ya jina, neno fupi. Watoto wawili. Watoto watatu. Mjamzito. Mtoto mmoja, kiziwi.

Hakuna mtu anayehesabu watoto wa nyumba ya mapumziko.

Akafungua Hakulinen.

*Anwani imefichwa kwa amri ya mamlaka. Mama na watoto wawili. Kitufe cha dharura shingoni mwa mama, cha pili chini ya kitanda cha mtoto mkubwa. Baba amekatazwa kuwakaribia. Kitufe kikibonyezwa MSIPIGE SIMU kuuliza. Tumeni polisi mara moja. Mara ya mwisho alifika kabla yao.*

Chini yake anwani. Mtaa, namba, mji.

Akaondoa vidole kwenye kibodi.

"Mbona umeacha?" Jalle akauliza.

"Hizi si nyumba za mapumziko."

"Haya."

"Jalle, hawa ni wanawake waliojificha. Soma mwenyewe."

"Nimeshasoma. Nina macho." Akanyofoa kijifuko mdomoni, akakitazama, akakipachika chini ya ukingo wa meza ya watu. "Nani anaiba boti Februari, mama? Barafu ina unene wa mita. Ulidanganywa wewe tu, kwa sababu Kauko alijua utaleta machozi."

"Na wewe ulijua?"

"Huyo Hakulinen mume wake kalipa. Yupo Kuopio, anangoja. Wengine arobaini nao wana waume. Kauko atawatafuta mmoja mmoja, polepole. Biashara ya miaka." Mkono wake ukatua begani kwa Raakel, mzito, wenye joto. Kutoka kwenye mkono wa koti kikachungulia kisu cha kukatia makasha. "Nakili."

Alinakili. Vidole vyake vilifanya kazi hiyo vizuri, na alivichukia kwa hilo. Kioo kikahesabu. Thelathini na nane. Arobaini. Arobaini na moja.

SAA 5:19

Mlango wa mbele ukagongwa, ukafunguliwa.

"Hodi! Mpo bado?"

Ilikuwa sauti ya Meri. Jalle akakaza taya. Kisu kikatoka chote.

"Usimguse," Raakel akanong'ona.

"Itategemea yeye. Usitoke humu."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake. Raakel akamsikia akibadilisha sauti, akijifanya baba mpole korido nzima. Msichana alikuwa amewaletea chapati mbili za maziwa, kwenye sahani ya karatasi, na jamu. Zilikuwa zinakaribia kuisha, akasema, na akawaonea huruma.

Angepiga kelele, na msichana angekatwa. Angezima mashine, na Jalle angerudi. Alama ilimetameta. Akaandika c na d, akaingia kwenye flashi, ndani ya nakili. Ipo amri inayobadilisha mstari wa faili bila hata kuifungua. Ondoa hiki, weka hiki. Alihitaji anwani ya kweli, kwa sababu Kauko angeipima kwenye ramani, na ya mbali na ile iliyoandikwa.

Iliyomjia ilikuwa moja tu. Nyumba ya marehemu mama yake huko Varkaus. Tupu miaka miwili, haina mnunuzi. Kauko hakuijua. Honkakuja 6 B.

Akaichapa. Akaomba mashine imwonyeshe mstari. Umebadilika. Akafuta kioo.

Baadaye sana aliwaza kwamba amri nyingine, isiyozidi ile kwa urefu, ingeharibu nakili zote arobaini na moja. Ilikuwa kazi yake kujua hilo. Haikumjia.

Jalle akarudi anatafuna. Jamu kidevuni.

"Mtoto mzuri," akasema. "Karudi kumalizia supu yake. Chukua yako."

"Sitaki."

Akaila na hiyo.

SAA 5:34

Garini Kauko alichomeka flashi kwenye kompyuta yake ya mapajani kabla hata ya kuwasha injini. Akahesabu. Akafungua la mstari. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayetangaza namba ya wimbo kanisani.

"Honkakuja sita, B. Varkaus." Akaitafuta kwenye ramani. Picha ya nyumba ikatokea: nyumba pacha ya njano, milango miwili, theluji mpaka madirishani. "Nzuri."

Raakel akaitazama picha. Milango miwili. B ilikuwa ya mama yake. Na A?

A ilipangishwa mwaka jana. Alipokwenda kabla ya Krismasi kukagua mabomba, alimkuta mwanamke kijana anafagia theluji. Niina. Watoto wake wawili walikuwa wanateleza uwanjani kwa beseni la plastiki. Mkubwa alimpa mkono na kujitambulisha kwa jina lote, kama mtu mzima.

Mama. Watoto wawili.

Kauko alikuwa keshapiga simu. Akaiweka kwa sauti kubwa ili mikono yake ibaki kwenye usukani.

"Andika," akasema, na kumtajia.

Upande wa pili mtu akaandika. Kalamu ilisikika.

"Asante sana," sauti ikasema. Sauti ya kistaarabu, ya mtu wa benki. "Hamjui mmenisaidia kiasi gani. Nimewakumbuka mno watoto. Saa saba kasoro nitakuwa mlangoni."

"Barabara inateleza. Endesha polepole," Kauko akasema.

SAA 5:52

Hakuna aliyeshuka njiani. Kauko aliwarudisha wote duka la matairi, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akageuza kibao kiseme kumefungwa. Flashi akaitia mfuko wa shati.

"Hapa tunangoja mpaka mteja aseme ni penyewe. Ndiyo desturi. Kahawa?"

Kopo la biskuti lilikuwa kwenye rafu ya juu. Raakel akaomba kwenda chooni. Jalle akamsindikiza, akasimama nje. Choo hakikuwa na dirisha. Akarudi.

Saa ya ukutani ilikuwa tangazo la mafuta ya injini. Dakika zilikwenda. Kuopio. Sasa amefika Leppävirta, mji wa njiani. Sasa ameipita.

SAA 6:20 MCHANA

"Anwani ni ya uongo," Raakel akasema.

Kauko akaweka kikombe chini bila sauti.

"Rudia."

"Niliibadilisha. Ni nyumba ya mama yangu. Ni tupu. Lakini mlango wa A kuna mwanamke na watoto wawili. Atawaona. Kauko, mpigie. Mwambie arudi."

Kauko akainuka, akazunguka meza, akampiga kofi la mdomoni kwa mkono wenye pete. Si kwa hasira. Kwa kipimo. Damu ikaingia kwenye meno.

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba mimi Kauko nimemuuzia hewa? Unamjua yule ni mtu gani?"

"Unamjua wewe. Ndiyo maana nakuambia mpigie."

"Atagonga, atakuta siyo, atarudi zake."

"Alishafika kabla ya polisi mara moja!"

"Basi ni bahati mbaya ya watu wa Varkaus." Akaketi tena. Akachukua kikombe. "Akirudi na hasira, nitampa wewe."

Jalle alikuwa ameacha kunyonya.

"Watoto wa umri gani?" akauliza.

"Mkubwa ana kama miaka saba."

"Kauko," Jalle akasema. "Mpigie."

"Na wewe?"

"Mimi mwizi, mzee. Miezi minane, mwaka, natoka, nanywa bia. Watoto wakifa, hiyo ni ya maisha. Na mimi ndiye niliyeonekana na yule msichana, uso mzima, nakula chapati yake. Siyo wewe. Wewe ulikuwa garini. Wewe siku zote uko garini."

"Kaa chini, Jalle."

Jalle hakukaa. Spana ya magurudumu ilikuwa pale pale sakafuni. Aliiokota kama anayeokota kofia, akaishusha mara moja. Kauko akaangukia meza. Birika likapinduka, kahawa nyeusi ikatambaa mezani na kuchanganyika na kile kilichotoka kwenye nywele nyeupe. Kikombe cha vijifuko nacho kikamwagikia shavuni kwake.

Jalle akashusha kopo la biskuti, akamtupia Raakel.

"Piga. Nipe dakika kumi kabla ya kunitaja."

Akainama juu ya Kauko. Raakel alidhani anampima pumzi. Vidole vinene vikaingia mfuko wa shati, vikatoka na flashi.

"Jalle. Hiyo iache."

"Umeharibu moja tu, si ndiyo?" Akatabasamu, meno ya kahawia. "Zimebaki arobaini nzima."

Komeo likafunguka. Injini ya gari ikawaka.

SAA 6:29

Alipiga namba ya dharura. Alianza na Varkaus: Honkakuja, mlango A, Niina, watoto wawili, msimruhusu afungue. Kisha folda. Kisha Jalle, jina lake lote, rangi ya gari, upande alioelekea. Hakumpa dakika kumi. Hakumpa hata moja.

"Na wewe ni nani?" opereta akauliza.

Akataja jina lake, herufi kwa herufi, huku Kauko akikoroma sakafuni.

Mtu wa Kuopio polisi walimkamata kwenye ngazi za mlango A, saa saba kasoro dakika tisa. Alikuwa amekwisha kugonga. Mkononi alikuwa na zawadi mbili zilizofungwa karatasi za rangi. Kwenye begi alikuwa na kamba na utepe mpana wa kufungia mizigo. Niina alikuwa amesimama ndani na watoto nyuma ya friji, simu sikioni, polisi wakimwambia asisogee.

Jalle hakupatikana mchana huo. Alikamatwa siku ya tatu bandarini Turku. Flashi hakuwa nayo, na hakusema ilipo.

SAA 9:40 ALASIRI

Kituoni walimweka Raakel kwenye chumba chenye benchi, mdomo umeshonwa nyuzi tatu. Askari mmoja kijana alikaa mlangoni. Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili askari wa kike alikuwa amepewa orodha kutoka kampuni ya ving'ora, na simu.

Kila simu ilianza vile vile.

"Mimi ni polisi. Uko salama kwa sasa. Chukua watoto, dawa na vitambulisho. Vingine acha. Gari linakuja. Hapana, hamtarudi hapo. Najua. Najua mlihamia juzi. Najua, mama."

Wengine walilia. Raakel alijua kwa sababu askari alirudia pole, pole. Mmoja alipiga kelele mpaka ikasikika ukutani, bila maneno. Kisha namba nyingine. Mimi ni polisi. Uko salama kwa sasa.

Nje kulianza kuwa giza la Februari, la mapema, la kijivu. Raakel aliziba masikio. Vidole vyake vilinuka plastiki ya kibodi, au alidhani vinanuka.

Simu moja iliita sana. Ikakatika. Ikapigwa tena. Mara ya nne ikapokelewa, na sauti ya askari ikabadilika, ikawa ndogo, ya kubembeleza.

"Hujambo. Mama yuko wapi? Ameenda dukani. Sawa. Una miaka mingapi? Mingi hiyo. Sasa nisikilize, mpenzi. Unaweza kufika kwenye komeo la juu? Panda kwenye kiti. Nangoja. Taratibu. Nangoja hapa hapa."

Raakel akainuka.

"Nihamishe," akamwambia kijana wa mlangoni. "Tafadhali. Nipeleke chumba kingine. Popote."

Kijana alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekanyaga uchafu akaingia nao ndani.

"Kaa hapo," akasema. "Zimebaki simu kumi na moja."